Saraka ya /usr ina mwenyewe

Karibu kila muhula tunaletewa kompyuta yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ambayo jana ilikuwa nzima, na leo ukiita add-apt-repository, amri ya kuongeza chanzo cha programu, inamwaga mistari ya makosa ya Python. Mwenye kompyuta huapa kwamba hajagusa kitu. Tukipekua historia ya amri zake tunakuta sudo pip install, yaani amri ya kuweka maktaba za Python kwa mamlaka ya msimamizi, aliyoinakili mahali fulani akiwa na haraka.

Kanuni za saraka za Linux zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, na toleo la 3.0 la FHS (Filesystem Hierarchy Standard), kama zinavyoitwa sasa kwa kifupi, lilitoka 2015. Kwa ufupi, /usr ni ya waliotengeneza mfumo wenyewe, kupitia zana zao za kuweka vifurushi vya programu, kama apt au dnf. Saraka ya /usr/local ni ya msimamizi wa mashine hiyo, na masasisho ya mfumo hayaruhusiwi kuifuta. Programu kubwa za nje zinazokuja na vitu vyao vyote hukaa /opt. Mtumiaji wa kawaida ana ~/.local/bin, ndani ya saraka yake ya nyumbani (~), ambako hahitaji sudo hata kidogo.

Sababu ya mgawanyo huu ni daftari. Kwenye Debian, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, dpkg, zana ambayo apt huitumia, huandika ndani ya /var/lib/dpkg kila faili ililoweka na kifurushi lilikotoka. Zana nyingine ikibadilisha faili hilo, daftari halijui. Sasisho lijalo litaandika juu yake, au litakuta toleo lisilolitarajia. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Basi si tuelekeze kila kitu /usr/local, yaishe? Kwa programu za kawaida, ndiyo. Njia ya kutafutia amri kwa kawaida hupita /usr/local/bin kabla ya /usr/bin, kwa hiyo toleo lako hushinda na la mfumo hubaki salama. Ndiyo maana make install ya miradi mingi huelekea huko.

Lakini Python ni mtihani. Kwenye Debian, sudo pip huweka maktaba ndani ya /usr/local/lib, wala haigusi faili la apt. Tatizo ni kwamba zana za mfumo zilizoandikwa kwa Python nazo hutafuta maktaba huko kwanza. Umeweka toleo jipya kwa ajili ya mradi wako wa darasani, na add-apt-repository inalibeba bila kuulizwa. Hakuna faili lililofutwa, na bado kitu kimevunjika.

Dawa ilikuja na PEP 668, waraka wa kanuni za Python. Msambazaji wa Linux huweka faili liitwalo EXTERNALLY-MANAGED, na pip ikiliona hugoma. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inalo. Wengi hukasirika na kuongeza --break-system-packages, chaguo ambalo jina lake lenyewe linakiri kwamba linavunja vifurushi vya mfumo. Binafsi naona waliolipa jina hilo walitenda haki. Badala yake, tengeneza mazingira ya mradi, saraka yenye maktaba zake peke yake, kwa python3 -m venv, au kama unataka programu tu, tumia pipx, ambayo huipa kila moja chumba chake na kuweka kiungo ndani ya ~/.local/bin.

Zana nyingine zilikwepa ugomvi mapema. Cargo ya lugha ya Rust huweka programu ndani ya ~/.cargo/bin, na Nix, zana nyingine ya kuweka programu, ilijijengea /nix/store, kila toleo na saraka yake.

Ukitaka kujua faili ni la nani, andika dpkg -S /usr/bin/python3, nawe utajibiwa jina la kifurushi. Kwenye Fedora, Linux inayotumia dnf, ni rpm -qf, ikifuatwa na njia ya faili. Usishtuke Debian 12 ikisema haina habari na /usr/bin/bash. Saraka ya /bin siku hizi ni kiungo tu cha kwenda /usr/bin, ila daftari bado linaliita faili hilo /bin/bash, kwa hiyo uliza kwa jina hilo.