Je, wajua? Kinachopinda ubao wa modeli ya jahazi ni moto, maji yanasaidia tu

Wanaoanza kujenga modeli za meli za mbao karibu wote wanakwama palepale, kwenye omo, yaani mbele ya chombo. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, umekaa vizuri, mataruma, zile mbavu zake, yamesimama, sasa unaanza kuzungushia mbao za ubavuni, unakunja kaubao ka milimita moja kafuate umbo la mbele na... ta! Kamekatika. Unachukua kengine, ta! tena. Unajiuliza inakuwaje mafundi wanakunja mbao za sentimita 4 kwenye jahazi zima na hazikatiki, halafu mimi nashindwa na kijiti.

Wengi wakifika hapo wanakimbilia kuloweka. Ubao unalala kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi unakunjwa, na wakati mwingine unakatika vilevile. Hapo ndo utasikia weka siki, sijui weka amonia. Amonia kweli inalainisha mbao, ila ni ile ya viwandani isiyo na maji kabisa, nayo ni hatari na huwezi kuiweka nyumbani, hii ya kusafishia vioo haina lolote zaidi ya kukuliza macho.

Iko hivi. Ubao kwa ndani ni kama fagio la chelewa lililomwagiwa lami. Chelewa ni nyuzi za selulosi, zenyewe ndo zinabeba nguvu, na lami ni kitu kinaitwa lignini, yaani gundi ya asili inayozishika nyuzi zisiachane. Lami ikiwa ya baridi ukilikunja hilo fagio linapasuka, ukilipasha moto chelewa zinateleza kidogo zenyewe kwa zenyewe, unalipinda unavyotaka, likipoa linabaki na umbo hilohilo. Lignini yenye unyevu inaanza kulegea kwenye joto linalokaribia la maji ya kuchemka, nyuzijoto 100 hivi, ila ikiwa kavu kabisa inadai joto kubwa zaidi ya hapo. Kwahiyo kazi ya maji ni kushusha hilo joto linalohitajika na kulipeleka mpaka katikati ya ubao kabla nje hakujaungua. Maji baridi peke yake yanalegeza kidogo tu, na ukiuachia ubao unarudi ulivyokuwa.

Sasa unakatikia wapi? Angalia vizuri, karibu kila mara unaanzia upande wa nje wa kona. Ukikunja ubao, nje kunavutwa na ndani kunabanwa, na mbao haipendi kabisa kuvutwa. Zile mbao ngumu zinazopindika vizuri, zikishiba mvuke zinaweza kubanwa hata robo ya urefu wake, lakini kuvutwa hazizidi asilimia 2 hivi, hata uzipashe vipi. Piga hesabu: kaubao ka milimita 1 ukikazungusha kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 25, ngozi ya nje inavutwa asilimia 2, yaani uko ukingoni kabisa. Ndo maana viwanda vya viti vya mbao za kupinda, kama kile kiti namba 14 cha Michael Thonet cha mwaka 1859, vilikuwa vinafunga ukanda wa chuma upande wa nje wa ubao kabla ya kukunja, chuma kinakataa kuvutika, basi ubao wote unalazimika kubanwa. Hata wewe unaweza, kata kipande chembamba cha bati la kopo, kiwekee nje ya kona, shika ncha zote mbili kwa nguvu, kunja pamoja.

Na lile swali la jahazi halisi jibu lake ni tamu. Modeli ya 1:50, yaani ndogo mara 50 kuliko chombo chenyewe, inapunguza unene wa ubao mara 50 na inapunguza nusu kipenyo cha kona mara 50 hivohivo, kwahiyo mvuto wa ile ngozi ya nje ni uleule mmoja. Kaubao kako hakateseki zaidi ya ubao wa jahazi, kinachopungua ni nguvu ya kukunja tu, na inapungua vibaya sana maana ugumu unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene): ukipunguza unene kwa nusu, ubao unalegea mara 8. Jahazini ubao unakunjwa kwa kamba, vibano na watu kadhaa, wewe unatumia vidole viwili, unakunja kwa sekunde moja bila kujua umeshapita mpaka. Haraka ndo inayokatisha.

Basi kwenye vifaa, cha kwanza ninachoshauri ni chanzo cha joto. Kile kichuma cha umeme cha saluni cha kukunjia nywele ni bora kuliko vifaa vingi vinavyouzwa rasmi kwa kazi hii, kina umbo la duara, joto linarekebishika, unauloweka ubao nusu saa, unaushika pale juu, unausikia unalegea mkononi. (Nunua chako, usiazime cha mtu.) Kama hamna, pasi ya kawaida ya nguo na chupa ya kuzungushia ubao inatosha. Kile kikoleo kinachobonyeza vijikunjo upande wa ndani wa ubao ili upinde mi sikipendi, kinafanya kazi kweli ila kinaacha makovu, labda utumie kwenye mbao za tabaka la chini zitakazofunikwa na nyingine.

Vingine ni vidogovidogo. Wembe wa upasuaji namba 11 na mpini wake namba 3, vipo maduka ya vifaa tiba, vinakata kuliko kisu chochote. Rula ya chuma. Msasa wa 120, 240 na 400 uliogandishwa kwenye vijiti bapa. Vibanio vya nguo na zile klipu nyeusi za karatasi za stationari, chukua nyingi. Kariakoo kwa mafundi simu utapata kibano chembamba na drili ya kusokota kwa vidole. Mashine ya umeme ya kuzunguka iache iwe ya mwisho, inakula ubao haraka kuliko macho yako. Wafungwa wa vita wa Kifaransa waliowekwa gereza la Norman Cross kule Uingereza, lililofunguliwa 1797, walitengeneza modeli za meli kwa mifupa iliyobaki kwenye chakula chao wakawa wanaziuza, na karakana hawakuwa nayo.

Kuna kitu joto haliwezi kukusaidia, nacho ni kukunja ubao kwa ubavu. Ubao wa upana wa milimita 5 na unene wa 1 ni mgumu mara 25 zaidi ukitaka kuupeleka kwa ubavu, utajipindua tu na kunyanyuka ukingo. Usipigane nao, punguza upana wake kuelekea omo na tezi (nyuma ya chombo), uuchonge ulale wenyewe. Na usigandishe ukiwa mbichi! Mbao ikinywa maji inatanuka kwa upana, kwa urefu karibu hamna kitu, ukigandisha ikiwa imevimba, ikikauka inaacha nyufa kila mstari. Wakati wa masika hapa Dar ubao unachelewa kukauka, uache umebanwa kwenye umbo lake mpaka kesho yake ndo upake gundi nyeupe.

Mbao zenyewe nenda Keko kwa maseremala uombe mabaki, ila ukitaka wakuchanie vipande vya milimita 1 jua msumeno wa mashine unakula kama milimita 3 kila ukipita, yaani unga unakuwa mwingi kuliko mbao, bora vinia, zile karatasi nyembamba za mbao. Mninga unavutia macho lakini vitundu vyake vinaonekana, na kitundu cha milimita 0.2 kwa kipimo cha 1:50 ni sawa na tundu la sentimita 1 kwenye chombo halisi, ndo sababu Wazungu wanapenda mbao za mpeasi zenye chembe laini. Mataruma tumia plaiwudi. Jahazi halisi linatafutiwa matawi yaliyopinda yenyewe porini ili nyuzi zifuate kona, wewe huna msitu huo, na plaiwudi nyuzi zake zimepishana, kwahiyo haivunjiki kirahisi kwenye kona.

Mpingo usijaribu kuukunja kabisa. Lakini vipande vinavyobaki kwa wachongaji wa Mwenge vinatoa kapi nzuri mno za kupitishia kamba za tanga: chonga kijiti kirefu kwanza, toboa matundu yote kikiwa bado kizima, ndo uanze kukata kapi mojamoja, na uvae barakoa maana vumbi lake linawasha.