Kinga haijazwi kama ndoo: seli za kinga na saratani ya kichwa na shingo

Mjomba wangu alipoanza mionzi ya koo, kando ya kitanda chake palikuwa na chupa ya maji ya mlonge, kopo la asali na habbasoda, na vidonge vya vitamini E alivyoletewa na jirani.

"Mjomba, hivi vyote vya nini?"

"Vya kupandisha kinga. Kinga ikipanda, ugonjwa unashuka."

Kila kilichokuwa pale kililetwa kwa mapenzi, ndiyo maana ni vigumu kulisema hili bila kuumiza mtu. Lakini fikra kwamba kinga ni ndoo iliyopungua, nasi kazi yetu ni kuijaza, inawapotosha wagonjwa wa saratani ya mdomo, ulimi, koo na zoloto, na wengine inawagharimu.

Dhana: "Umepata saratani kwa sababu kinga yako imekwisha."

Wapo ambao kinga yao imeshuka kweli. Wengi, hata hivyo, kinga wanayo na inafanya kazi: mafua yanawapata na kuwaacha, kidonda cha mguuni kinafunga. Na kipande cha uvimbe kikitazamwa kwa hadubini, mara nyingi seli T, zile seli nyeupe za damu zenye kazi ya kuua seli zilizoharibika, zinaonekana zimo ndani ya uvimbe wenyewe. Zimefika, zikatulizwa.

Kinachozituliza ni PD-1, breki iliyo juu ya seli T. Mwili umeiweka kwa hekima, ili vita vikiisha askari wasianze kubomoa nyumba walizokuwa wakizilinda. Seli za saratani hujivika protini iitwayo PD-L1, na hiyo ndiyo inayokanyaga breki. PD-1 iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani. Mwaka 2018 yeye na James Allison wa Marekani, aliyechunguza breki nyingine, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Dawa mbili, pembrolizumabu na nivolumabu, ziliidhinishwa Marekani kwa saratani ya kichwa na shingo mwaka 2016. Zinaziba PD-1 isikanyagwe. Hazimwongezei mgonjwa nguvu mpya. Zinaziachia seli alizokuwa nazo tangu mwanzo zifanye kazi.

Dhana: "Seli zote za kinga ziko upande wa mgonjwa."

Laiti ingekuwa hivyo. Ndani ya uvimbe huo huo kuna seli T za udhibiti, ambazo hunyamazisha nyingine. Kuna makrofaji, seli zinazosafisha takataka za mwili, ambazo uvimbe unaweza kuzigeuza zikausaidia kujijengea mishipa ya damu. Basi mtu akikuuzia kitu cha kupandisha kinga, muulize anapandisha seli zipi.

Dhana: "Vitamini na mitishamba havina hasara wakati wa mionzi."

Hapa naomba msomaji atulie nami. Katika jimbo la Quebec, Kanada, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 540 waliokuwa wakipigwa mionzi kwa saratani ya kichwa na shingo iliyokuwa bado changa. Karibu nusu walipewa vitamini E, mwanzoni pamoja na beta-karotini, na waliobaki wakapewa vidonge visivyo na dawa. Nia ilikuwa njema: kupunguza makali ya mionzi na kuzuia saratani ya pili. Matokeo, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 2005, yalikwenda kinyume. Katika kipindi cha kumeza vidonge, waliopewa vitamini walipata saratani mpya zaidi kuliko wenzao, na baadaye ikaonekana kuwa vifo pia vilikuwa vingi zaidi upande wao.

Mionzi huua seli, kwa sehemu kubwa, kwa kuzalisha kemikali kali zinazokatakata vinasaba. Vitamini E inasifiwa kwa kuzima kemikali za namna hiyo, na ikishaingia mwilini haichagui: inaweza kuilinda seli ya saratani kama inavyoilinda seli yenye afya.

Tulipomweleza daktari, vidonge vya vitamini E viliondoka siku hiyo hiyo. Mlonge ukasitishwa mpaka mionzi iishe, kwa kuwa hakuna aliyejua ndani ya chupa ile mlikuwa na nini na kiasi gani. Asali haikukatazwa, ila wiki ya tatu mdomo ulipochubuka, mjomba mwenyewe aliisukuma pembeni. Kilichomfaa ni uji mwepesi wa ulezi, umepozwa, umetiwa maziwa na siagi ya karanga, kijiko baada ya kijiko, saa nzima kwa kikombe kimoja. Hiyo ndiyo kazi ya chakula hapa, na ni kazi kubwa: uzito usianguke, mgonjwa amalize siku zake zote za mionzi.

Dhana: "Ukikatwa kipande cha nyama cha kupimwa, uvimbe unasambaa."

Hofu hii imewachelewesha watu mpaka uvimbe ukafunga koo. Kipande hicho ndicho kinachosema ugonjwa ni upi, na ndicho kinachopimwa kiwango cha PD-L1 ili daktari aamue kama dawa ya kuachia breki inafaa. Uvimbe ukiwa kwenye tonsili au nyuma ya ulimi, hutafutwa pia alama za HPV, virusi vinavyosababisha pia saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa saratani za koo zenye virusi hivyo kwa kawaida huitikia tiba vizuri zaidi. Na chanjo ya HPV wanayopewa wasichana wetu, Rwanda tangu 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019, inazifundisha seli za kinga kuitambua aina ya 16, ile ile inayosababisha sehemu kubwa ya saratani hizi za koo.

Dhana: "Tiba ya kinga imefuta kisu na mionzi."

Tiba ya kinga, yaani dawa hizi za kuachia breki, haijafuta. Katika utafiti mkubwa wa nivolumabu uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa walikuwa 361 ambao saratani yao ilikuwa imeshindikana kwa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Ni asilimia 13 tu ya waliopewa dawa hiyo ambao uvimbe wao ulipungua sana. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja asilimia 36 yao walikuwa hai, dhidi ya asilimia 17 hivi ya waliopata dawa za kawaida. Namba hizo ni tumaini, na ni onyo pia.

Linalonigusa zaidi ni suala la wakati. Dawa ya jamii hii, avelumabu, ilipoongezwa juu ya mionzi na kemo kwa pamoja, haikuleta faida. Pembrolizumabu ilipotolewa dozi mbili kabla ya upasuaji, kisha ikaendelea baadaye, wagonjwa wa kundi hilo walikaa kwa wastani wa kati wa miezi 51.8 bila ugonjwa kurudi au kuendelea, dhidi ya 30.4 ya wenzao. Marekani ikaidhinisha mpango huo mwaka 2025. Maelezo mamoja yanayopewa uzito ni haya: seli T hufundishwa kumtambua adui katika tezi za limfu za shingoni, na tezi hizo hizo ndizo zinazopigwa mionzi au kuondolewa na kisu.

Dhana: "Mwenye VVU hawezi kupewa dawa hizi."

Anaweza. Watu wanaotumia ARV na wenye CD4 za kutosha wamepewa dawa hizi bila VVU kuwalipukia. Kwetu ukuta mkubwa ni bei, na huo unawakabili wote.

Dhana: "Kwa kuwa si kemo, tiba ya kinga haina madhara."

Breki ikiachiwa, seli T zinaweza kuvamia utumbo, mapafu, ini, ngozi au tezi ya thairoidi. Mgonjwa anaharisha, nyumbani wanampa ORS na kusubiri. Anakohoa, wanasema vumbi. Anachoka na kuhisi baridi, wanasema ni saratani hiyo. Mengi ya madhara haya hutulizwa kwa steroidi, dawa zinazopoza kinga, yakiwahiwa, na yanaweza kuja hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo akienda zahanati yoyote, hata kwa kuharisha tu, aanze kwa kutaja jina la dawa aliyochomwa.