Wilaya ya shule Marekani: serikali ndogo yenye kazi moja

Msomaji wa Dodoma au Mwanza akisikia "wilaya", anamwona mkuu wa wilaya na ofisi zake. Wilaya ya shule ya Marekani ni kitu kingine kabisa. Ni serikali ndogo yenye kazi moja tu, kusomesha watoto wa eneo lake, na ina mipaka yake, bajeti yake na viongozi wake wa kuchaguliwa. Katika miji mingi meya hana amri juu yake. Ndiyo maana mzazi mgeni anayepeleka malalamiko ya shule kwa meya hurudi mikono mitupu. Hakupuuzwa, amebisha mlango usio wenyewe.

Nchi nzima ina wilaya za namna hii takriban 13,000. Zipo zenye wanafunzi mamia ya maelfu, na zipo ndogo kama Winooski, katika jimbo la Vermont. Ni mji wa watu wapatao 8,000 na wanafunzi wapatao 800, na wote, kuanzia chekechea hadi mwaka wa mwisho wa sekondari, wanasoma katika eneo moja. Umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa majumbani.

Juu kabisa ipo bodi ya shule, yaani wakazi wa kawaida waliochaguliwa na wenzao. Hawafundishi wala hawapangi vipindi. Humwajiri mkuu wa shule zote za wilaya, anayeitwa suparintendenti, hupitisha sera na huandaa bajeti. Suparintendenti huwasimamia walimu wakuu. Mtoto akionewa darasani, anza kwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha suparintendenti. Bodini peleka yale yanayogusa watoto wote: kalenda, usafiri, wakalimani. Vikao vyake viko wazi, na kwa sheria ya Vermont ajenda ya kikao cha kawaida hutangazwa angalau saa 48 kabla.

Usiifananishe bodi hiyo na kamati ya shule ya nyumbani. Tanzania walimu wa shule za umma wanalipwa na serikali kuu, na Kenya wengi wao wameajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Marekani mwajiri ni wilaya yenyewe, kwa hiyo bajeti ikitikisika, ajira ya mwalimu wa mwanao nayo inatikisika.

Na bajeti hiyo, Vermont, inaamuliwa na wananchi. Kwa desturi ni Jumanne ya kwanza ya Machi. Swali kwenye karatasi ya kura huwa kavu, kwa maana hii: je, wapiga kura wa wilaya ya shule wanairuhusu bodi kutumia dola kiasi fulani, ambacho bodi imeona kinahitajika kwa mwaka ujao wa fedha? Ndiyo au Hapana. Hapana ikishinda, bodi inarudi mezani, inapunguza, kura inapigwa tena. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za jimbo hilo zilikataliwa. Ikifika Julai 1, mwanzo wa mwaka wa fedha, bila bajeti, wilaya inaruhusiwa kukopa hadi asilimia 87 tu ya bajeti iliyopita. Hizo asilimia 13 zinazobaki ni watu: msaidizi wa darasani, mwalimu wa Kiingereza kwa wageni.

Fedha zenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kodi ya nyumba na ardhi. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Vermont iliamua, katika kesi ya Brigham, kwamba utajiri wa mji usiamue elimu ya mtoto. Tangu hapo jimbo linakusanya kodi hiyo katika mfuko mmoja wa elimu. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa haki, maana mji wenye wapangaji wengi usingeweza kushindana na mji wa matajiri.

Winooski ina jambo jingine, la adimu Marekani. Mwaka 2021 bunge la jimbo lilipindua kura ya turufu ya gavana, na wakazi halali wasio raia wakaruhusiwa kupiga kura za mji na za shule. Walianza Machi 2022. Hata mama asiye raia, mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha, anaweza kuichagua bodi na kuamua bajeti. Ruhusa hiyo inaishia hapo. Kumchagua rais, mbunge au gavana ni kwa raia peke yao, na asiye raia akipiga kura hiyo anahatarisha makaratasi yake ya uhamiaji. Ukipewa karatasi ya kura hiyo kwa makosa, irudishe bila kuiwekea alama.