Nyambizi za rimoti Mombasa: yanayosemwa maskani na yanayotokea majini

"Tumezungukwa na bahari, pa kuchezea nyambizi ya rimoti hapakosi."

Hakuna dhana iliyo ghali kuliko hii. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme, na maji yanayopitisha umeme huyameza mawimbi ya redio. Kwa rimoti ya megahezi 40, kila sentimita tatu na nusu hivi za maji ya bahari hulipunguza wimbi hadi kubaki kama theluthi. Nyambizi ikizama kina cha shibiri moja tu, haikusikii tena. Wanamaji wa kijeshi huzifikia nyambizi halisi kwa masafa ya chini mno, kilohezi 3 hadi 30, na antena za kurushia mawimbi hayo hutanda uwanja mzima. Huo si mtambo wa kuanika uani pamoja na kanga.

Hata redio ingekubali, hori la Tudor lina matope na mkondo, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Kilindini usipafikirie kabisa. Ni bandari, na wanamaji wako Mtongwe ng'ambo ya pili. Kitu chenye umbo la nyambizi kikiibuka pale utakuwa na mengi ya kueleza.

Nyambizi ya rimoti ni ya maji matamu, yaani kwa wengi wetu bwawa la kuogelea, kwa idhini ya mwenyewe na saa ambazo hakuna waogaji. Uliza kwanza maji yanasafishwaje, kwani mabwawa mengine hutiwa chumvi ili mashine itengeneze klorini humo humo. Hayo hayafai. Maji ya visima vya kisiwani nayo mengi yana chumvichumvi. Pima hivi: weka kipokezi, betri na sevo moja (mota ndogo inayogeuza mapezi) ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kisichovuja, tia mawe yaizamishe, iteremshe kwa kamba huku mwenzako akichezesha rimoti. Sevo inapoacha kuitika, hicho ndicho kina chako. Toa nusu yake, usipite hapo.

"Rimoti ya kisasa ni bora kuliko ya zamani."

Kwa ndege na magari, sawa. Lakini zile za gigahezi 2.4 hukatika ndani ya sentimita chache hata kwenye maji matamu, kwa sababu katika masafa hayo maji yenyewe hunywa mawimbi. Tafuta ile ya antena ndefu: megahezi 27, 35, 40 au 75. Kabla ya kuagiza, uliza Mamlaka ya Mawasiliano ni masafa gani yanaruhusiwa. Uzi wa antena ya kipokezi uutandaze wote, usiukunje wala kuupitisha kando ya nyaya za mota, na ncha yake uizibe isiguse maji.

"Kuzama ni kuongeza uzito, kwa hiyo tangi la farumi, la maji ya kuzamishia, likiwa kubwa ndiyo vizuri."

Nyambizi haizamishwi kwa nguvu. Inafikishwa mahali ambapo uzito wake unakaribia kulingana na uzito wa maji inayoyasukuma, kisha mapezi yanamaliza kazi. Tangi linahitaji kubeba kiasi kimoja tu: ujazo wa kila kitu kigumu kinachobaki juu ya mstari wa maji nyambizi inapoelea. Chukua mnara na ganda la juu, vizamishe kwenye chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, pima maji yaliyomwagika. Yakiwa mililita 240, tangi la mililita 270 latosha. Ukitia la 600, litakunyima nafasi ya betri, na likijaa lote nyambizi inakwenda chini kama nanga.

Sawazisha kwenye pipa la lita 200. Tangi likiwa limejaa, ncha ya mnara ibaki nje ya maji, chombo kikiwa na wepesi wa gramu 10 hadi 20. Isizame yenyewe hata kidogo. Chubwi za wavuvi zilale chini kabisa kwenye mkuku, na povu gumu likae usawa wa mstari wa maji, ukiyabadilisha itapinduka. Usitumie sponji laini, maana kina huliminya na ule wepesi uliouhesabu unapotea. Itikise na kuiinamisha omo na tezi kabla ya kuhukumu. Hewa iliyonaswa chini ya sitaha hudanganya, kwa hiyo toboa matundu juu na chini.

Mizani hii ni ya maji hayo tu. Chombo cha kilo 3 kilichosawazishwa kwa maji matamu kingehitaji gramu 75 zaidi baharini.

Nyingine hazina tangi kabisa. Huelea kidogo, huzamishwa na mapezi zikiwa mwendoni, na zikisimama huibuka. Kwa anayeanza, sisi tungechagua hiyo.

"Ganda lote lazima lizibwe maji yasiingie."

La, ganda liache lijae maji. Kinachozibwa ni tyubu moja ya akriliki iliyo ndani, yenye mota, betri na vidhibiti.

"Mbona sijaenda kina kirefu, maji yameingiaje?"

Mara nyingi ni joto. Ukifunga tyubu juani, hewa ya ndani ikiwa nyuzi 40, kisha ukaitia kwenye maji ya nyuzi 27, hewa hiyo hunywea na kuvuta kama vile umeshuka sentimita 40 zaidi. Fungia kivulini, na utie kifuko cha silika ndani, maana hewa yetu ina unyevu mwingi.

Kagua pia pale mhimili wa rafadha unapotokea na kila fimbo ya pezi. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba, ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu. Unywele mmoja au chembe ya mchanga chini yake yatosha kuvujisha. Jaribu kwa sindano ya mililita 60 isiyo na ncha: kwa tyubu yenye lita 2 za hewa, kila msukumo ni sawa na kina cha sentimita 30. Sukuma tano, zamisha tyubu kwenye karai, tafuta mapovu. Pampu ya baiskeli iache, itakurushia kifuniko usoni. Kwenye kina cha mita 2, kifuniko cha kipenyo cha sentimita 10 hubanwa kwa nguvu ya kama kilo 16.

"Betri ichajiwe humo humo, kufungua ni usumbufu."

Betri za asidi hutoa haidrojeni zikichajiwa, na cheche moja ndani ya tyubu iliyofungwa ni mlipuko. Za lithiamu zina hatari yake ya moto. Fungua.

"Ishara ikikatika, itaibuka yenyewe."

Itaibuka ukiwa umeipangia: ishara ikipotea, mota isimame na tangi lijitapishe. Lijaribu hilo kwenye pipa kwa kuzima rimoti, tena betri ikiwa karibu kwisha. Kwa mizamo ya kwanza funga mshipi wa mita 5 wenye kiboya, juu ya mnara, mbali na rafadha.