KIA hadi Dar: kilomita 560 ni za basi

Vijiwe vya Moshi na Arusha vimerudia hesabu hii miaka mingi: Moshi hadi Dar ni kilomita kama 560, basi na ndege huenda hizo hizo. Sivyo. Hizo ni za barabara, inayofuata miguu ya milima ya Pare na Usambara kupitia Same, Mombo, Korogwe na Chalinze. Kutoka KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi uwanja wa Julius Nyerere wa Dar, kwa mstari ulionyooka, ni kama 450.

Hapo huzaliwa kosa jingine. Mtu anagawa 450 kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, anapata dakika 34, kisha anashangaa tiketi kuandika saa nzima na zaidi. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na kuisha inapoegeshwa tena. Ndani yake mna kuelekea njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Tena ndege ya pangaboi hufika kama 650 tu, na si tangu inapoacha ardhi.

Kinachoumiza zaidi ni kuchanganya viwanja. Soma herufi tatu kwenye tiketi: ARK ni Kisongo, kilomita chache magharibi mwa jiji la Arusha, JRO ni KIA, wilayani Hai, kama kilomita 50 upande wa pili. Mkazi wa Njiro akigundua kosa akiwa getini Kisongo, inambidi arudi hadi upande wa pili wa jiji, na safari hiyo huweza kumla muda wote aliobakiza.