Je, wajua kwa nini sanamu za walimu 24 wa Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, zina sura moja?

Siku moja nilikuwa nasubiri chenji katika duka la vipuri vya baiskeli, Mombasa. Ukutani palitundikwa kalenda yenye picha ya sanamu nyeupe: mtu ameketi, miguu kaikunja, viganja kavilaza mapajani kimoja juu ya kingine, na nyuma ya kichwa chake nyoka wametanua shingo kama mwavuli. Kwa kutaka kuonekana mjuzi nikamwambia mwenye duka, "Shikamoo mzee. Kumbe wewe ni mtu wa Buddha." Akamaliza kwanza kunihesabia chenji. "Marahaba. Huyo si Buddha, mwanangu. Huyo ni Parshvanatha, mmoja wa walimu wetu. Sisi Wajaini."

Chenji ilikuwa kamili, na aibu pia.

Baadaye nilifarijika kujua kwamba kosa langu lina wazee wake. Katika karne ya 7 mtawa wa Kichina, Xuanzang, aliyezunguka India akitafuta vitabu vya Kibudha, aliziona sanamu za Wajaini akalalamika kwamba wamemwiga Buddha, na tofauti ni mavazi tu. Karne ya 19 msomi mkubwa wa Kisanskrit, Christian Lassen, akashikilia kuwa Ujaini ni tawi lililochipuka kwenye Ubudha. Ilibidi aje Hermann Jacobi, katika maandishi yake ya 1879 na 1884, aonyeshe kwamba hizi ni dini mbili mbalimbali, na kwamba vitabu vya Wabudha wenyewe vinawataja Wajaini kama wapinzani waliokuwapo tayari.

Basi ukikutana na sanamu ya namna hii usianzie usoni. Uso utakudanganya: masikio marefu, nywele za vipilipili, kinundu utosini, vyote hivyo wanavyo wa pande zote mbili. Anza na nguo. Buddha huvaa joho la utawa, hata pale mchongaji alipolichonga jembamba kiasi kwamba unauona ukingo wake shingoni tu. Jina yeye (ndivyo Wajaini wanavyomwita mwalimu wao, ni neno la Kisanskrit lenye maana ya "mshindi", limegongana na neno letu kwa bahati tu) ama yuko uchi kabisa, kwa madhehebu ya Digambara, "waliovikwa anga", ama ana kitambaa kiunoni, kwa Shvetambara, "wavaa nyeupe".

Kisha tazama kifua. Sanamu za Jina za kaskazini mwa India huwa na alama ya shrivatsa katikati ya kifua, mfano wa kijiua au kito cha pembe nne. Za kusini mara nyingi hazina, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kitu.

Mwisho, mkao. Buddha ana mikao mingi: anafundisha, anagusa ardhi kwa vidole, ananyoosha kiganja kuondoa hofu, analala ubavu saa ya kufa. Jina ana miwili basi. Ama ameketi katika tafakuri, ama amesimama wima, mikono ikining'inia mbali kidogo na mapaja. Kusimama huko huitwa kayotsarga, yaani kuuacha mwili. Ukiona sanamu imelala, huyo si Jina.

Na nyoka je? Hapo pana mtego, maana Buddha naye anaye wake: Muchalinda, aliyemkinga na mvua. Wa Parshvanatha ni Dharanendra, mfalme wa nyoka. Masimulizi yanasema Parshvanatha aliwahi kumwokoa katika gogo lililokuwa likiungua, na adui alipomteremshia dhoruba, nyoka yule akaja kulipa fadhila. Hata ndani ya Ujaini wenyewe kuna mwalimu mwingine mwenye nyoka kichwani, Suparshvanatha, wa 7. Kwa kawaida yeye huchongewa vichwa vitano vya nyoka na Parshvanatha saba, lakini wachongaji hawakuibana sana kanuni hiyo: katika hekalu la Ranakpur, Rajasthan, la karne ya 15, kuna Parshvanatha mwenye vichwa vya nyoka 1,008.

Tuje sasa kwenye swali lenyewe. Walimu hawa ni 24, huitwa Tirthankara, "watengeneza kivuko", kwa kuwa wanawavusha watu mto wa kuzaliwa na kufa tena na tena. Wa mwisho ni Mahavira, aliyeishi Bihar zama za Buddha. Parshvanatha ni wa 23, na wanahistoria wengi wanamkubali kuwa mtu wa kweli. Kuhusu waliomtangulia wanasita. Lakini wapange wote 24 kwenye ukumbi mmoja, uwavue alama zao: hutajua nani ni nani. Nilidhani wachongaji walichoka. Hilo lilikuwa kosa langu la pili.

Kwa Wajaini, karma ni vumbi hasa, chembe zenye mwili, zinazoganda kwenye roho kwa sababu ya hasira, kiburi, tamaa na hila. Fikiria chemli kumi zilizowaka usiku kucha. Asubuhi kila kioo kina masizi yake: hiki kimeungua upande, kile kina doa juu, kingine ni cheusi chote. Mwenye nyumba anaweza kukuambia hii ni ya jikoni na hii ni ya chumba cha mzee, kwa kutazama masizi tu. Vioshe vyote kwa majivu na maji, uvipange mezani. Sasa mwulize tena. Tunachokiita tabia ya mtu, hiki kinachotufanya tuseme "huyu ni fulani", kwa hesabu ya Wajaini ni masizi kwa sehemu kubwa. Tirthankara ni kioo kilichokwisha kuoshwa. Mchongaji akimpa mmoja kidevu cha ukaidi na mwingine tabasamu la mzaha, amemrudishia uchafu alioutoa kwa taabu.

Mwili nao una sharti lake. Mapokeo yanasema mwili wa Tirthankara ulikuwa na ulinganifu kamili, na mafundi wakaligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha kamba. Sanamu ikiwa imeketi, pima toka goti hadi goti. Pima toka goti la kulia hadi bega la kushoto, kisha goti la kushoto hadi bega la kulia. Pima toka kitakoni hadi juu ya paji la uso. Vipimo vyote vinne viwe sawa. Ndiyo sababu sanamu hizi, hata ikiwa ya shaba inayotosha kiganjani, zina ule utulivu wa jiwe la msingi. Nilijipima sebuleni kwa futi ya fundi cherehani: vipimo vinne, tarakimu nne tofauti.

Sasa mwumini anamjuaje anayemwabudu? Kwa namna ileile tunavyozijua khanga. Pindo moja, mji mmoja, rangi ileile, na bado mbili zinaweza kuwa khanga tofauti kabisa kwa sababu ya jina lililoandikwa chini. Tirthankara naye husomwa chini, kwenye kiti chake, ambako hukaa alama ndogo iitwayo lanchana: fahali ni Rishabha, wa kwanza, kifaru ni Shreyamsa, kobe ni Munisuvrata, mtungi ni Malli, kombe la baharini ni Nemi, simba ni Mahavira.

Alama hizi hazikuwapo tangu mwanzo. Sanamu za Mathura, kaskazini mwa India, za karne za kwanza baada ya Kristo hazina. Huko wanaotambulika kwa macho ni wawili hasa, Parshvanatha kwa nyoka wake na Rishabha kwa nywele zilizomwangukia mabegani. Wengine unawajua tu pale maandishi ya kitini yanapowataja. Miongoni mwa mifano ya kale kabisa ya lanchana ni Nemi wa Rajgir mwenye makombe kitini, ambaye kwa kawaida huwekwa karibu na mwisho wa karne ya 4. Kuhusu nywele za Rishabha, Shvetambara husimulia kwamba alipoacha ufalme alianza kung'oa nywele zake, akatoa konzi nne, na Indra, mfalme wa miungu, akamsihi aiache ya tano kwa uzuri wake. Digambara wao husema zilirefuka wakati wa tafakuri ndefu.

Kufanana huku kumezaa mambo ya ajabu. Shvetambara wanaamini Malli, wa 19, alikuwa mwanamke, Digambara wanakataa. Lakini hata kwa Shvetambara sanamu zake huchongwa kwa umbo lilelile la wote. Katika makumbusho ya Lucknow kuna sanamu moja iliyotoka Unnao, ina matiti na msuko wa nywele mgongoni, na wataalamu wengi huisoma kuwa ni Malli. Imekatika kichwa, kwa hiyo mjadala haujaisha.

Na ile sanamu kubwa kuliko zote katika fikra za watu, jitu la jiwe la Shravanabelagola, Karnataka, lenye mita zipatazo 17.5, lililochongwa karibu na mwaka 981, wala si Tirthankara. Ni Bahubali, mwana wa Rishabha. Utamjua kwa mimea iliyomtambaa miguuni na mikononi, na vichuguu kando yake: alisimama akitafakari mpaka msitu ukamzoea.

Wajaini wengi wa Kenya, ambao familia zao zilitoka pande za Jamnagar, Gujarat, ni Shvetambara, na sanamu zao hutiwa macho ya kung'aa yaliyofunguka, yanayomtazama aliyekuja kutazama. Digambara huyachonga yakiwa nusu yamefumba.

Ila Digambara ndio wenye sanamu ninayoipenda kuliko zote. Tirthankara akishafariki hana mwili tena wala hatarudi. Ni roho tupu. Utamchongaje? Fundi alichukua bamba la shaba, akakata katikati yake umbo la mtu aliyesimama kayotsarga, akaliondoa lile umbo, akalisimamisha bamba lililobaki juu ya kiti. Mwalimu ndiye lile tundu. Unapomtazama unaona chochote kilicho nyuma yake: ukuta, mwali wa taa, au fulana ya mtu anayepita upande wa pili.