Bomba lisilo na moshi
Wengi huamini kwamba mtambo wa umeme wa gesi asilia, kama ule wa Mtwara unaotumia gesi ya Mnazi Bay, hautoi hewa chafu kwa kuwa moshi hauonekani. Ni rahisi kuamini hivyo, maana masizi ni machache mno. Lakini kilo 1 ya methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikiungua yote hutoa kilo 2.75 hivi za kabonidayoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, pamoja na mvuke wa maji. Bandika sufuria baridi kwenye jiko la gesi: unyevu utakaouona chini yake umetoka kwenye moto wenyewe. Injini ya megawati 2 huzalisha uniti 2,000 kwa saa, na kila uniti huja na takriban nusu kilo ya kabonidayoksaidi. Makaa ya mawe hutoa karibu maradufu.